Keki ya Mei Mosi Haikumzuia Msusi Kuhama

Dada mmoja mwenye saluni kaniandikia ujumbe mrefu wa malalamiko. Mei Mosi aliwanunulia wasusi wake keki na fulana zenye jina la saluni, wakapiga picha, akazirusha status. Mwisho wa mwezi msusi wake hodari kuliko wote akahamia kwa jirani. "Dada yangu, watu hawana shukrani," akamalizia. Nikamuuliza swali moja tu: mshahara wa mwezi huo uliingia tarehe ngapi? Mpaka leo kimya.

Mei Mosi mimi naijua. Kabla sijaanza shughuli zangu za kupikia masherehe nilikuwa mpishi kwenye hoteli moja hapa Dar, sitaitaja. Mwaka mmoja nikachaguliwa mfanyakazi bora wa jikoni. Tukaamka alfajiri, tukavishwa kofia na fulana, tukaandamana na bango letu mbele ya mgeni rasmi huku jua likituchoma. Nikapewa cheti ndani ya fremu, pamoja na chupa ya chai. Kwenye cheti jina la kwanza lilikuwa langu, ubini wa mtu mwingine kabisa!

Jioni ile ile nikaingia zamu, maana hoteli haifungi sikukuu. Sasa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili. Mwisho wa mwezi nikaangalia, hakuna kitu. Nikaenda kuuliza. Meneja akacheka, akasema, "Wewe si umepewa zawadi?"

Kumbe chupa ya chai ndiyo yalikuwa malipo yangu. Jina nilishasamehe, jibu lile bado linanikera. (Chupa ninayo, na inatunza moto vizuri, siwezi kuisingizia.)

Leo nina watu wangu mwenyewe. Msimu wa harusi ukichanganya, baada ya Ramadhani na tena Desemba, hatulali. Wenzangu kwenye biashara hii wamewatongoza wapishi wangu wakuu kwa kila namna, na bado ninao. Najivuna? Ndiyo, najivuna.

Siri yenyewe haina maajabu: lipa kwanza. Sherehe ikiisha, kila mtu hela yake inaingia kwenye simu kabla sufuria hazijapanda gari, hata kama mwenye shughuli bado ananizungusha na salio langu. Hilo ni langu na yeye, muosha vyombo halimhusu. Nauli ya usiku ni juu yangu pia, kwa sababu bodaboda ya saa saba usiku kwenda Mbagala haina bei ya mchana. Na chakula chao hutengwa mapema. Nimefanya kazi kwa watu ambao mpishi aliyepika pilau ya ukumbi mzima alikula ukoko.

Ukishalipa, ndipo usifu, na usifu kazi ikiwa bado ya moto. Kwenye taarabu mwimbaji hutunzwa wimbo ukiendelea. Hakuna anayempelekea noti mwezi ujao. Na "hongereni kwa kazi nzuri" haimfikii mtu yeyote. Mwambie kijana: sufuria ile ya tatu ilikuwa inaanza kushika chini, wewe ukawahi kupunguza moto, umeniokoa. Hapo anajua ulikuwa unamwona.

Mabosi wenzangu, tuambizane ukweli. Saa za ziada, kwa sheria ile ile, ni mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mtu anayedai hivi hajakosa adabu, na ukimpa hujamfanyia hisani. Kama hujalipa, keki iache dukani. Lipa kwanza, halafu njoo na keki, tutaila kwa furaha.

Siku hizi kwenye makubaliano yangu na wenye shughuli kuna kipengele kimoja cha ziada: MC ataje wapishi na wahudumu kwa majina, tena kabla wageni hawajaanza kuondoka. Mzee mmoja wa kamati alinipinga, akasema itakula muda. Nikamkumbusha kwamba utambulisho wa kamati yake peke yake ulichukua nusu saa.