Jibu: Kuhamia Lubumbashi na watoto watatu

Ndugu, umeuliza kama upange nyumba katika mtaa wa Golf au komini ya Kampemba, kwa kuwa utafanya kazi katikati ya mji na watoto wako watatu bado wako shule ya msingi. Mimi ningetafuta shule kwanza, kisha nyumba. Bel-Air, iliyo ndani ya Kampemba, haiko mbali na mji. Golf ni tulivu zaidi, ila kodi yake huuma. Kabla ya kulipa garanti, yaani amana ya nyumba, ambayo huwa ya kodi ya miezi kadhaa, fungua bomba jioni, waulize majirani umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika mara ngapi, na ukiweza urudi siku ya mvua: nyumba yangu ya kwanza niliipenda mwezi wa Agosti, ikiwa imepakwa rangi mpya, na kufikia Januari maji yalikuwa yakigusa godoro la watoto.