Kutoka Amani hadi Pangani kwa baiskeli: pangeni safari kwa kuangalia upepo

Wanaotaka kushuka na baiskeli kutoka Amani, juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, mpaka Pangani kwa siku moja, huniuliza kwanza habari za mlima. Miteremko ikoje, kona zikoje, nani ataweza na nani hataweza. Mimi huwauliza wanasafiri mwezi gani. Mlima mnaushuka asubuhi, nguvu zikiwa zote mwilini. Kinachoamua kama kundi litafika pamoja ni upepo wa alasiri, ule mtakaokutana nao mkishaiacha Tanga mjini, miguu ikiwa imeshachoka na jua limeshachoma vya kutosha.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa haya. Kusi huanza kushika Aprili hivi na kuendelea mpaka Septemba, na hutoka upande wa kusini. Barabara ya kutoka Tanga kwenda Pangani nayo inaelekea kusini. Maana yake, mkienda Julai mtapigwa na upepo usoni kwa takriban kilomita 50, tena mwisho wa safari. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia Desemba mpaka mwanzoni mwa Machi, huwasukuma mgongoni. Ukiongeza mvua za masika, zinazoifanya njia ya Amani iwe utelezi mtupu, na vuli za kuelekea mwisho wa mwaka, utaona kwa nini mimi na wenzangu huchagua Januari au Februari. Joto la miezi hiyo ni kali, nakiri. Lakini joto lina dawa: kuondoka mapema, maji, kivuli cha mchana. Upepo wa mbele hauna dawa.

Aliye na nafasi Julai au Agosti tu, namshauri ageuze safari. Alale Pangani, aondoke alfajiri kwenda Tanga huku kusi ikimsukuma, afike Muheza na kulala hapo, kisha apande Amani kesho yake. Kuulazimisha mlima ule jioni ya siku hiyohiyo ni kuwatesa watu.

Safari yote ni kama kilomita 120: Amani mpaka Muheza kama 35, Muheza mpaka Tanga karibu vilevile, kisha kipande cha pwani. Laleni Amani usiku wa kuamkia safari. Pale ni ndani ya hifadhi ya msitu, kwa hiyo lipeni ada na mjitambulishe mapema, kabla ya siku ya kuondoka. Mkiweza, fikeni mchana ili mtembee kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ni aibu kupita mahali kama pale mkitazama tairi la mbele tu. Amani iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi kuna baridi na ukungu. Chukueni koti jepesi litakalokunjwa na kufungwa kwenye keria mkifika chini.

Sasa breki, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Jioni ya kabla ya safari, kila baiskeli ipinduliwe na ikaguliwe na mtu mwingine asiye mwenyewe. Raba za breki zilizolika zibadilishwe hukohuko. Kutoka Amani kushuka Sigi, barabara inapoteza karibu nusu ya kimo chote katika umbali mfupi, kwa kona baada ya kona chini ya miti. Ukikamata breki moja kwa moja njia nzima, rimu hupata moto, na moto ule unaweza kupasua tyubu mkiwa kwenye mwendo. Kamata, achia, kamata tena. Punguza mwendo kabla ya kuingia kona, baiskeli ikiwa bado imesimama wima, kwa sababu ukikamata kwa nguvu katikati ya kona yenye changarawe au majani mabichi, tairi huteleza na kukulaza chini. Tumia breki zote mbili, na urudishe makalio nyuma kidogo kwenye siti. Mwenye baiskeli ya breki za fito, kama zile Phoenix za zamani, atembee na kukokota pale penye mteremko mkali zaidi, na asichekwe na mtu.

Acheni nafasi ya hatua ishirini hivi kati ya baiskeli na baiskeli. Hakuna kupitana kwenye kona. Barabara ile si yenu peke yenu: kuna bodaboda zinazopanda na mizigo, kuna wanafunzi wanaoteremka kwenda shule, kuna akina mama na kuni kichwani. Pigeni kengele mapema, na mkiwafikia wazee punguzeni mwendo na muwaamkie. Sigi simameni wote. Vuteni pumzi, rimu zipoe, hesabianeni.

Aongoze mtu asiye na haraka. Kundi likiongozwa na mwenye miguu mizuri kuliko wote, hukatika vipande kabla hata hamjafika Muheza. Wa mwisho awe fundi, naye ndiye abebe pampu, viraka, solusheni, spana na tyubu za akiba. Mtu mwingine yeyote akibaki nyuma, jambo la kwanza ni kwamba yuko na mwenye vifaa. Mafundi wa baiskeli Muheza na Tanga hawakosekani, maana baiskeli huko ni usafiri wa kila siku, lakini vifaa wanavyovizoea ni vya baiskeli za kawaida. Mwenye magurudumu ya saizi ngeni aje na vyake.

Muheza pateni chai, chapati na maharage, na machungwa ukiwa msimu wake. Msishindilie wali saa tatu asubuhi. Baada ya hapo mnaingia barabara kuu ya lami, na kuelekea Pongwe mtakutana na malori ya saruji. Hapo ni mmoja nyuma ya mwenzake, pembeni kabisa, nguo za rangi kali, na hadithi zisubiri.

Mkiondoka Amani saa kumi na mbili na nusu, Tanga mtaingia kama saa sita na nusu mchana. Pumzikeni mpaka saa nane na nusu. Najua wapo watakaosema wanajisikia vizuri, twendeni tumalize, msiwasikilize. Saa hizo mbili kivulini ndizo zinazolipa kipande cha mwisho. Kunyweni kidogo kidogo, na si maji matupu: kwenye lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Ndiyo dawa ileile anayopewa mtoto anayeharisha, na mtu aliyetoka jasho tangu asubuhi anaihitaji.

Kabla hamjatoka mjini, kubalianeni jambo moja: ikifika saa kumi na nusu hamjapita Tongoni, waliochoka wapande basi, au wote mrudi Tanga. Jambo hili liamuliwe wakati kila mtu akili yake imetulia. Mtu aliyechoka hatakubali kuambiwa amechoka, na kwenye saa moja usiku giza huwa linaingia.

Kipande hiki cha pwani ndicho nikipendacho kuliko vyote. Minazi, mkonge, mikoko ikichungulia, harufu ya chumvi. Kukiwa na upepo wa mbele, pokezaneni kuukata, kila mtu dakika chache, na wenye nguvu kidogo wabaki katikati bila kupewa zamu. Kaskazi nayo ina tabia ya kuja ubavuni, kutoka upande wa bahari, yaani kushoto kwenu. Mtu anayejificha upepo huo hujikuta anasogea kulia, kuelekea katikati ya barabara. Kiongozi aliseme hilo kwa sauti, tena na tena. Nyookeni.

Tongoni ingieni hata kwa robo saa. Msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo ni vya karne nyingi kabla ya Mjerumani kukanyaga Amani, na kwa mtu aliyeanza siku yake kwenye bustani ile, kuviona siku hiyohiyo ni jambo la kufikirisha. Kisha Kigombe, dafu moja kila mtu, na mwendo wa polepole mpaka Pangani.

Mkifika, baiskeli kwanza. Mvuke wa chumvi hushika mnyororo usiku mmoja tu, na kutu huanza. Futeni kwa kitambaa chenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kausheni, tieni mafuta kwenye kila pingili, kagueni raba za breki zilivyobaki. Halafu tafuteni samaki. Kesho yake wa kurudi na basi wamtafute kondakta mapema, wakubaliane nauli ya mizigo kabla baiskeli hazijapandishwa juu, na wakaze usukani kwa kamba ili usipigepige njiani.