Wiki ya Tisa Ilitoka Wapi?

Mkunga anajibu maswali ya wasomaji

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Igombe, Mwanza, na kazi yangu ni kuanika dagaa. Mume wangu huvua dagaa akiwa kambini Goziba, na hurudi nyumbani wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa mwezi ukiwa mkubwa taa zao haziwavuti dagaa vizuri. Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe 1 Juni. Yeye alifika tarehe 8 na kuondoka tarehe 12 alfajiri. Tulikutana bila kinga, kwa sababu shoga zangu walinifundisha kwamba siku ya hatari ni ya 14, na kwa hesabu hiyo tulikwenda salama miezi mingi, ingawa mzunguko wangu hubadilika: mfupi huwa siku 26 na mrefu siku 33. Tarehe 4 Agosti nilipimwa kliniki nikakutwa na mimba, na muuguzi akaandika wiki 9 kwenye kadi. Mume wangu amehesabu kwa vidole akapata wiki 8 tangu alipofika. Anauliza wiki ya tisa ni ya nani, na siku ya 14 nilikuwa na nani wakati yeye yuko ziwani. Sijawahi kuwa na mwanamume mwingine. Nielezeni ili nimsomee. — Mama Wawili, Igombe

JIBU: Dada yangu, msomee haya akiwa ametulia, na kadi muiweke mezani mbele yenu wote wawili.

Muuguzi aliandika umri wa mimba, na umri huo huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe ambayo mwanamke anaweza kuitaja, ilhali siku yenyewe ya kutungwa mimba haionekani wala haisikiki mwilini. Maana yake ni kwamba katika wiki mbili hivi za mwanzo zinazohesabiwa kwenye kadi, mimba huwa bado haipo kabisa. Kutoka tarehe 1 Juni hadi tarehe 4 Agosti ni siku 64, yaani wiki 9 na siku moja. Wiki anayoiulizia mumeo ndiyo uliyokuwa katika hedhi yako, naye alikuwa hajafika. Mtoto mwenyewe siku hiyo ya kliniki alikuwa na wiki 7 hivi tumboni. Mkienda kupiga utrasaundi nayo itataja umri kwa mtindo huo huo wa kuanzia kwenye hedhi, kwa hiyo asishtuke tena. Kwa hesabu hiyo mtarajie kujifungua karibu na tarehe 8 Machi.

Sasa siku ya 14. Yai la mwanamke likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za mwanamume zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, zikilisubiri yai litoke. Tuseme yai lako lilitoka tarehe 14 Juni. Mbegu za usiku wa tarehe 11 zilikuwa na siku 3 tu, na kazi yake ziliifanya wakati mwenyewe akiwa amekwisha kurudi Goziba. Mimba inaweza kutungwa baba akiwa ziwani usiku kucha, na jambo hili nalisema kwa uzito kwa sababu nimeona ndoa zikitikisika kwa kutolijua. Tarehe mlizoniandikia zinalingana kabisa, na hakuna hata moja inayokushuhudia vibaya.

Kilichokukosesha ni fundisho la siku ya 14. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo siku yake huhesabika kwa kurudi nyuma, baada ya hedhi hiyo kuja, wakati ambapo hesabu haikusaidii tena. Anayetaka kutumia kalenda huandika mizunguko yake kwa miezi sita au zaidi, kisha huondoa 18 katika mzunguko mfupi na 11 katika ule mrefu. Kwako 26 ukiondoa 18 unapata 8, na 33 ukiondoa 11 unapata 22: siku zako za hatari ni kuanzia ya 8 hadi ya 22. Mumeo alishuka kwenye mtumbwi siku ya 8 hasa. Na ile miezi mingi ya usalama ina sababu yake. Mbalamwezi hurudi kila baada ya siku 29 na nusu, nawe mzunguko wako unakaribia hapo, kwa hiyo ziara zake ziliweza kuangukia siku zako tulivu mara kadhaa mfululizo, kisha mzunguko mmoja ukasogea.

Baada ya kujifungua, msiitegemee tena kalenda kwa mzunguko wa namna hiyo. Ukimnyonyesha mtoto maziwa yako tu, usiku na mchana, na hedhi haijarudi, unakingwa vizuri kwa miezi 6 ya mwanzo. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo imekwisha. Kwa mume anayekuja na kuondoka mimi hupendelea kipandikizi, kile ambacho wengi hukiita kijiti, kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono na kukinga miaka 3 au 5 kulingana na aina, hata kwa anayenyonyesha. Kati ya wanawake 100 wanaokitumia kwa mwaka, hata mmoja ni nadra kushika mimba, ilhali kwa wanaotegemea kumwaga nje ni takriban 20. Hedhi inaweza kuvurugika au kukoma, na hilo si ugonjwa. Kitanzi cha shaba nacho ni kizuri kwa asiyetaka dawa za homoni. Sindano ya miezi mitatu haiharibu kizazi, ila uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi kwa miezi kadhaa. Kondomu pekee ndiyo inayokinga pia Virusi vya UKIMWI. Huduma hizi hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, nenda naye akiwa nyumbani.

SWALI: Nilimeza P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, Jumamosi, tukakutana tena Jumatatu. Bado inanikinga? — Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Hapana, mdogo wangu. P2 huchelewesha yai kutoka, kwa hiyo linaweza kutoka siku chache baadaye na kukuta mbegu za Jumatatu. Humezwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na kila tendo lisilo na kinga linahitaji hesabu yake. Kwa kuwa gazeti litakufikia saa hizo zimekwisha kupita, pima mkojo wiki tatu baada ya Jumatatu ile, hata kama utaona damu kidogo kabla ya hapo.