Mashine imeandika fibrilesheni, niiamini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, juzi mgonjwa kapimwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) mashine ikaandika ana fibrilesheni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo, msimamizi wangu kaitupia jicho tu akasema hapana, siyo. Kaonaje? Mimi naona tu mapigo hayaendi sawa.

JIBU: Marahaba. Yale maandishi ya juu yaache kwanza, mashine inakosea, hasa mgonjwa akiwa anatetemeka au elektrodi haijashika vizuri. Shuka kwenye ule mstari mrefu wa chini, mara nyingi ni lidi II (lidi ni upande ambao mashine inautazamia moyo), chukua kipande cha karatasi, weka ukingo wake kwenye vile vilele virefu vyenye ncha, ndivyo vya R, tia alama ya kalamu kwenye vitatu au vinne vinavyofuatana halafu isogeze mbele taratibu. Mapigo yakiwa na mpangilio alama zitakaa kwenye vilele vinavyofuata. Kwenye fibrilesheni hazikai, mara zinapitiliza mara hazifiki, na hakuna mpangilio unaojirudia hata uhangaike vipi.

Ila usiishie hapo, hapa ndo wengi wanateleza. Tafuta wimbi la P, kale kalima kadogo ka umeme wa atria, kabla ya kila QRS (ule mchoro wenye kilele cha R), na V1, lidi ya kifuani, iangalie kwa makini zaidi. Ukilikuta lipo, umbo lilelile kila pigo, basi siyo fibrilesheni hata kama mapigo hayalingani, maana kijana mzima kabisa akivuta pumzi moyo unaongeza kasi na akiitoa unapunguza. Nadhani msimamizi wako aliziona hizo P. Fibrilesheni yenyewe haina P, unakuta vijimawimbi vidogovidogo visivyofanana. Vikiwa vimepangana kama meno ya msumeno, karibu 300 kwa dakika, hiyo ni flata ya atria, tatizo jingine la mapigo.

Kasi nayo usiipigie hesabu kwa nafasi moja ya R hadi R, utajidanganya, kwa sababu hazilingani. Ule mstari mrefu wa chini kwa kawaida ni wa sekunde 10, hesabu QRS zote zidisha kwa 6, unapata mapigo kwa dakika.

Nasisitiza hivi kwa sababu fibrilesheni inaongeza hatari ya kiharusi karibu mara 5, na pia kumwanzishia dawa za kuzuia damu kuganda mtu asiye nayo ni kumtafutia kuvuja damu bure. Ukiwa na shaka rudia kipimo akiwa ametulia, linganisha na ECG yake ya zamani kama ipo, umwonyeshe daktari. Na kama presha imeshuka, kifua kinamuuma au anapumua kwa shida, mambo ya karatasi baadaye, mwite daktari hapohapo.