Wakikufungia kanisa, omba sebule

Juzi kijana mmoja ameniandikia: "Shikamoo mchungaji. Wazee wamefunga kanisa kwa kufuli. Nifanyeje?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Kufuli nalijua, maana wazee wangu nami walinifungia. Langu lilikuwa jipya, bado lina stika ya dukani, nami nimesimama mbele yake na Biblia kwapani na chupa ya chai ya wazee haohao mkononi. Miaka kumi na moja nimewahudumia!

Ushauri wangu ni mmoja tu: omba sebule ya mtu.

Mwaka 1906 William Seymour, mhubiri Mweusi wa Marekani, mwana wa watu waliowahi kuwa watumwa Louisiana, aliitwa Los Angeles kuhubiri katika kanisa dogo. Biblia alikuwa ameisomea Houston akiwa nje ya mlango wa darasa, maana ubaguzi haukumruhusu kukaa na Wazungu. Akahubiri kwamba anayebatizwa kwa Roho Mtakatifu hunena kwa lugha. Aliporudi kwa ibada nyingine, akakuta pamefungwa. Hakukimbilia kwa wakili, kama nilivyokimbilia mimi (nikapoteza hela bure). Alikwenda kuomba nyumbani kwa watu, Mtaa wa Bonnie Brae. Mwezi Aprili moto wa Roho ukawaka, watu wakajaa mpaka baraza likaporomoka.

Ndipo wakahamia Mtaa wa Azusa, namba 312, kanisa la zamani lililokuwa limegeuzwa zizi. Mimbari ilikuwa masanduku mawili ya mbao, na Seymour alikuwa akiingiza kichwa ndani ya sanduku akiomba. Weusi, Wazungu na Wameksiko walipiga magoti pamoja, nyakati zile za ubaguzi! Ulokole wetu huu wa kunena kwa lugha una deni kubwa kwa zizi lile. Na wewe unalilia spika za kanisani?

Mimi nilianzia kwa mama mmoja mjane, muuza vitumbua. Tulikuwa saba; kila Jumapili tunatoa kochi nje, tukimaliza tunalirudisha. Leo tunaezeka, bwana, na sijamwomba mtu bati. Kwa hiyo tafuta sebule. Omba. Vumilia. Omba tena.

Mwaka jana nikafika Los Angeles. Nyumba ya Bonnie Brae ingali imesimama. Azusa walibomoa mwaka 1931. Leo ni Little Tokyo, mtaa wa Wajapani, kimebaki kibao. Nikapiga picha pale, nikamtumia mzee aliyenunua lile kufuli.

Tiki mbili za bluu. Hajajibu mpaka leo.