Seva ya DNS ikigoma kutafuta majina, soma kwanza ilichojibu

Wateja wakianza kulalamika kwamba "mtandao umekufa", mgeni kazini hukimbilia kuwasha huduma upya. Jizuie. Ukiwasha upya unafuta kashe (majibu ambayo seva imeyahifadhi), na ushahidi unaondoka nayo. Ingia kwenye seva, andika amri ya kuiuliza seva yenyewe, dig @127.0.0.1, pamoja na jina linalosumbua, kisha tazama neno lililoandikwa mbele ya status.

REFUSED ndiyo nyepesi: seva iko hai, ila imekataa kukuhudumia. Kama ukiuliza kutoka kwenye seva yenyewe unajibiwa, lakini mteja wa mtandao mwingine anakataliwa, kagua allow-recursion, mpangilio unaotaja nani aruhusiwe kutafutiwa majina. BIND, programu ya seva ya DNS tunayoizungumzia hapa, isipoelekezwa huhudumia mashine yake na mitandao iliyounganishwa nayo moja kwa moja, basi. Ongeza mtandao wa wateja wako. Usiweke any (yaani yeyote) kwenye seva inayofikika kutoka nje. Itageuzwa silaha ya kushambulia wengine.

NXDOMAIN maana yake jina halipo; kwa kawaida ni jina lililokosewa.

SERVFAIL ndiyo inayokula siku. Seva imejaribu, imeshindwa, na mara nyingi haikuambii kwa nini. Rudia swali ukiongeza +cd, ili saini za DNSSEC, zinazothibitisha kwamba jibu ni halali, zisikaguliwe. Likijibiwa, kasoro iko kwenye saini: mwenye kikoa ameziacha zikaisha muda, au saa ya seva yako imepotea. Anza na saa, maana hiyo ni yako.

Lisipojibiwa, fuata njia kwa mkono: dig +norec @198.41.0.4 na jina lile. Hiyo ni mojawapo ya seva za mzizi, zilizo juu kabisa ya ngazi za DNS. Itakupa anwani za seva za ngazi inayofuata, nawe uziulize hizo, ukishuka hivyo hivyo. (+trace ni haraka zaidi, lakini huazima majibu kwa seva iliyotajwa kwenye faili ya resolv.conf, ambayo huenda inaelekeza kwenye seva hiyo hiyo mbovu.) Ukifika mwisho salama huku SERVFAIL ikiendelea, angalia mstari wa forwarders (seva ambazo yako huzipelekea maswali) kwenye mipangilio ya BIND: huenda seva iliyotajwa pale ilishazimwa.

Vikigoma vikoa vichache tu, mimi hushuku fayawoli. Wengi hufungua poti 53 kwa UDP wakasahau TCP: majibu mafupi yanapita, marefu, yanayohitaji TCP, yanakwama. Rudia lile swali la seva ya mwisho ukiongeza +tcp. Likikatika bila jibu, omba TCP ifunguliwe kutoka kwenye seva kwenda nje, kisha andika rndc flushname na jina lile ili lifutwe kwenye kashe, ujaribu tena.