Filamu ya kundi la rap lenye makofia

Unaulizia filamu ya Chris Rock, mchekeshaji wa Marekani, kuhusu kundi la rap lenye makofia. Unachanganya filamu mbili, na si wewe peke yako. Ile ya Rock ni CB4, ilitoka Machi 1993: kijana mpole anajifanya mhalifu ili apate soko la rap. Ya makofia ni Fear of a Black Hat ya Rusty Cundieff. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance 1993 lakini ikaingia sinema 1994, ndiyo maana wengi waliidhani nakala ya CB4.

Ukiwa na muda wa moja tu, chukua ya makofia. Imetengenezwa kama dokumentari: mtafiti (Kasi Lemmons) anafuatana na kundi la watu watatu, nao wanatoa majibu ya kipuuzi kwa uso mkavu kabisa. Mfano, kwa nini kofia? Eti watumwa walifanya kazi juani vichwa wazi, jioni wamechoka mno kuasi. Mameneja wao nao hufa hovyo, utani uliochukuliwa kwa wapiga ngoma wanaokufa hovyo katika This Is Spinal Tap (1984), dokumentari ya uongo kuhusu bendi ya rock.

Kinachokwamisha wengi ni kutojua kinachodhihakiwa. Sikiliza kwanza makundi ya rap N.W.A na Public Enemy (jina la filamu linacheza na albamu yao ya 1990, Fear of a Black Planet), kisha P.M. Dawn wa rap laini na C+C Music Factory wa muziki wa dansi. Hao wawili wa mwisho usiwaruke: kundi likivunjika, kila mmoja anatoka na wimbo wake, na bila kuwajua waliolengwa, nusu ya kicheko inakupita. Maneno ni machafu, watoto wakalale kwanza.